Tulichukua Maneno ya Dukani, Tukaliacha Hekalu: Historia Fupi ya Hija ya Wahindu na Mpaka wa Tororo na Busia

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaotoka Kirewa, Nagongera na vijiji vingine vya Padhola wameyazoea mahekalu ya Kihindu yaliyomo katika mji wa Tororo. Huyapita wanapokwenda sokoni, au wanapotafuta gari la kwenda Malaba na Busia. Wanajua kwamba yalijengwa na Wahindi. Ukiwauliza kilichokuwa kikifanyika ndani, ni nani aliyekuwa akiabudiwa, na kwa nini baadhi ya waumini walikuwa wakisafiri hadi ng'ambo ya bahari kwa ajili ya ibada hiyohiyo, wengi hawana jibu. Si ajabu. Vitabu vyetu vya historia vinamweleza Mhindi akiwa nyuma ya kaunta, akipima chumvi na kukata kitambaa. Akishafunga duka jioni, vitabu vinanyamaza.

Makala haya yanakusudia kumfuata baada ya kufunga duka. Tutaeleza hija ya Wahindu kwa mungu wa kike kwa kutumia mfano mmoja wa kihistoria, yaani hekalu la Harsiddhi katika pwani ya Gujarati. Tumelichagua kwa sababu lipo karibu na Porbandar, mji ambao eneo lake lilitoa wahamiaji wengi waliokuja Afrika Mashariki. Kisha tutatazama namna ibada hiyo ilivyofika huku kwetu, ilivyokatizwa mwaka 1972, na alama iliyoiacha, au isiyoiacha, katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kilimjua Mhindu kwa biashara yake tu, na kwamba upungufu huo ni suala la walimu wa lugha kama ulivyo suala la wanahistoria.

Mhindi, Mhindu na Baniani

Ni vema kwanza tutenganishe maneno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Allidina Visram, tajiri aliyefungua maduka kutoka pwani hadi Uganda na kufariki mwaka 1916, alikuwa Mhindi lakini hakuwa Mhindu. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Kalasinga ni Mhindi lakini dini yake ni ya Kisingasinga. Magoa wengi walikuwa Wakatoliki. Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika insha za wanafunzi, maneno haya huchanganywa, na anayepotea katika mchanganyiko huo ni Mhindu mwenyewe.

Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na neno mahususi, Baniani. Asili yake ni jina la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara, yaani Vania. Neno hilo limehifadhiwa katika methali ambayo kila mwalimu ameifundisha: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Maana yake inafahamika, kwamba hata mtu tusiyempenda ana kitu cha kutufaa. Ila tunapoifundisha, aghalabu tunaruka swali lililo wazi: ni nani aliyesema kwamba Baniani ni mbaya? Methali haitoi sababu. Inauchukulia ubaya wake kuwa jambo linalojulikana, kisha inaingia kwenye faida ya kiatu. Inafaa kukumbuka kwamba Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka 1869, alikuwa wa tabaka hilohilo la Vania. Kwa Kiswahili cha siku zile, Mahatma Gandhi alikuwa Baniani.

Mama wa mabaharia

Wahindu wana majina mengi ya mungu wa kike, nao huamini kwamba majina hayo yote yanaelekea kwenye nguvu moja, Shakti. Katika Gujarati anaitwa Amba, Bahuchara, Khodiyar, Ashapura, Umiya, Kalika au Harsiddhi, kutegemea mahali na ukoo. Koo nyingi zina mungu wao wa kike anayewalinda. Mtu hamchagui; humrithi, kama anavyorithi jina la babu yake. Kwa wasomaji wa Padhola, ambako ukoo ndio unaomwambia mtu aoe wapi na asioe wapi, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Hekalu la Harsiddhi lipo Miyani, pwani ya Saurashtra, kati ya Porbandar na Dwarka. Kuna kilima kiitwacho Koyla, na juu yake hekalu kongwe linalotazama bahari. Chini ya kilima kuna hekalu jingine la baadaye. Mama huyu anaheshimiwa na wavuvi na mabaharia kuwa mlinzi wa vyombo vyao.

Inasimuliwa kwamba zamani Mama alikaa juu kilimani, na macho yake yalikuwa makali kiasi kwamba kila chombo alichokitazama kikipita kiliungua au kuzama. Mfanyabiashara Jagdu Shah wa Kutch alipoteza merikebu zake hapo. Alifunga kula, akamwomba Mama ateremke, ili macho yake yasielekee tena baharini. Mama akakubali kwa sharti kwamba katika kila ngazi ya kuteremka atolewe mnyama. Jagdu alikuwa wa dini ya Kijaini, ambayo inakataza kuua. Hata hivyo alileta wanyama, na walipokwisha kabla ya ngazi za mwisho, akajitoa yeye mwenyewe na jamaa zake. Mama akaridhika na imani yake, akawarudishia uhai.

Jagdu si mtu wa hadithi tu. Alikuwa tajiri wa Bhadreshwar katika karne ya 13, na anakumbukwa kwa kugawa nafaka wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1250. Kwetu lililo muhimu ni kile ambacho masimulizi haya yanasema kuhusu watu wanaoyasimulia. Ni watu wa bahari. Biashara yao ilitegemea upepo na bahati, na walihitaji kuamini kwamba kuna Mama anayewatazama bila kuwazamisha. Upepo waliouhofia ndio huohuo tunaouita kaskazi, uliozileta jahazi zao Lamu, Mombasa na Unguja, na ulipogeuka kuwa kusi ukawarudisha kwao.

Mhujaji hufanya nini

Anayefika kwa Mama kwanza huvua viatu. Hunawa, akapanda ngazi, akagonga kengele iliyoning'inia mlangoni. Mikononi amebeba nazi, maua, pengine kitambaa chekundu. Humkabidhi kuhani vitu hivyo, kisha husimama mbele ya Mama na kumtazama.

Kutazama huko ndiko kiini cha hija yenyewe. Kwa Kisanskriti jambo hilo linaitwa darshana, ambalo tunaweza kuliandika darshani, na maana yake ni kuona. Lakini ni kuona kwa pande mbili: mhujaji anamwona Mama, na Mama anamwona mhujaji. Ndiyo sababu hadithi ya Jagdu inahusu macho. Macho yaleyale yaliyozamisha merikebu, mhujaji anayaendea kwa hiari, akiwa miguu mitupu, ili yamwangukie kwa rehema. Baadaye taa huzungushwa mbele ya Mama, watu huimba, kisha kila mmoja hupewa sehemu ya chakula kilichotolewa, yaani prasadi. Mhujaji hulizunguka hekalu kwa mkono wa kulia, na kuondoka.

Sababu za safari ni zilezile ambazo binadamu wanazo kila mahali. Desturi ni kwamba maharusi huletwa kwa Mama wa ukoo. Nywele za kwanza za mtoto hunyolewa mbele yake. Aliyekuwa mgonjwa akaweka nadhiri, akipona huja kuiondoa. Neno nadhiri ni letu kabisa, na hapa linatosha bila kuongezewa chochote.

Yapo pia mahekalu ambayo hayana sanamu hata moja. Hekalu kuu la Ambaji, kaskazini mwa Gujarati, ni mojawapo ya mahali patakatifu zaidi pa mungu wa kike, na mahujaji wengi hulifikia kwa miguu. Ndani yake kinachoheshimiwa ni mchoro mtakatifu. Anayesema kwamba Wahindu wote wanaabudu sanamu, basi, ametoa hukumu kabla ya kutazama.

Kutoka Porbandar hadi Tororo

Biashara kati ya Gujarati na pwani yetu ni ya karne nyingi. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, ya Wahindu wa Kutch, ilikusanya ushuru wa forodha wa Unguja kwa niaba ya Sultani. Kuelekea bara, hata hivyo, njia ilifunguliwa na reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ya jirani, na mpaka ukasogea kuja upande wetu huu wa Busia na Tororo. Katika miaka ya 1920 tawi jipya la reli lilipita Eldoret na kuingia Uganda kupitia Tororo, likafika Kampala mwaka 1931. Kutoka Tororo njia nyingine ilielekea Mbale na Soroti. Mji ukawa njia panda ya pamba, chumvi, nguo na mafuta ya taa, na wafanyabiashara wa Kihindi wakakaa hapo.

Wengi walitoka mahali palepale Mama wa mabaharia alipokuwa akiangalia bahari. Nanji Kalidas Mehta, aliyezaliwa kijijini karibu na Porbandar, alivuka kwa jahazi mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa kijana mdogo, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi. Muljibhai Madhvani, naye wa eneo hilohilo, alikuja Uganda mwaka 1908, na mwaka 1930 kiwanda chake cha Kakira kikaanza kazi. Hao ndio wanaotajwa vitabuni. Waliokuwa wengi zaidi ni wenye maduka madogo, waliolala chumba cha nyuma, na katika pembe ya chumba wakaweka picha ya Mama, taa ya samli na ua. Hekalu la kwanza la Mhindu katika miji ya reli lilikuwa pembe hiyo.

Kurudi kuhiji halikuwa jambo rahisi. Mtu wa Tororo alipanda treni hadi Mombasa, kisha meli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia meli za British India kama Kampala na Karanja zilikuwa zikibeba abiria kati ya India na Afrika Mashariki. Gharama zilikuwa kubwa kwa mwenye duka dogo, kwa hiyo safari moja ilibeba haja nyingi: kuoa, kuwaona wazazi, kunyoa mtoto, kuondoa nadhiri. Palikuwapo pia kizuizi cha kidini. Baadhi ya matabaka yaliamini kwamba kuvuka bahari kunamtia mtu unajisi. Gandhi alitengwa na tabaka lake mwaka 1888 kwa kwenda Uingereza, na aliporudi mwaka 1891 alipelekwa kuoga katika mto mtakatifu huko Nasik. Ng'ambo ilimtajirisha mtu na papo hapo ikamtia doa, na hija ilikuwa njia ya kulifuta.

Mto uliofanywa mtakatifu

Kisanskriti kina neno tirtha kwa mahali pa kuhiji. Maana yake ya asili ni kivuko, mahali ambapo mto unaweza kuvukwa kwa miguu. Ni neno ambalo mtu wa Busia au Malaba angelielewa mara moja, kwani maisha yake yote ni ya kuvuka. Mito yenyewe kwa Wahindu ni ya kike; Ganga ni mto na ni Mama.

Kwa kuwa si kila mtu angeweza kurudi India, Wahindu wa Uganda walianza kupata mahali patakatifu papa hapa. Mwaka 1948, baada ya Gandhi kuuawa, sehemu ya majivu yake ililetwa Jinja na kumwagwa katika chanzo cha mto Nile. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu yake mahali hapo. Majivu ya Baniani wa Porbandar yamo katika mto unaoteremka kutoka Uganda hadi Misri, na wapo wanaokwenda Jinja kwa heshima hiyo.

Aidha, mahekalu yalijengwa katika miji mingi. Kila mwaka, katika usiku tisa wa Navaratri, kwa kawaida Septemba au Oktoba, wanawake na wanaume wa Kigujarati hucheza garba kwa mduara. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake mna taa, na taa hiyo inasimama badala ya Mama. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarati katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mcheza garba hahitaji mlima wala meli. Anamzunguka Mama kama mhujaji anavyolizunguka hekalu.

Tangazo lililotolewa Tororo

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alihutubia wanajeshi katika kambi ya Tororo, na hapo ndipo alipotangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda. Siku zilizofuata tangazo lilipanuliwa, na muda uliotolewa ukawa siku 90. Kufikia tarehe 8 Novemba makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameondoka wakiwa na mizigo michache na fedha kidogo. Takribani 27,000 walipokelewa Uingereza. Maelfu ya wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko.

Wakazi wa eneo letu wanapaswa kujua kwamba tangazo hilo lilitolewa karibu na nyumbani. Halikutolewa Kampala. Lilitolewa katika mji wenye mahekalu hayo tunayoyapita. Maduka yaligawiwa watu wengine, na kwa hiyo wengi wanakumbuka 1972 kuwa mwaka wa maduka. Hekalu halikuwa na cha kugawiwa. Anayefukuzwa huweza kubeba picha ya Mama sandukuni. Hawezi kubeba jengo lililojengwa kwa michango ya miaka mingi, wala mahali ambapo mtoto wake alipewa jina.

Jambo jingine linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka uliofuata, 1973, serikali hiyohiyo ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Wakati huo watu waliokuwa wamekizungumza Kiswahili madukani kwa miongo mingi, kibaya au kizuri, walikuwa wameshaondoka. Halmashauri ya Leicester, Uingereza, ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus mwaka 1972 kuwasihi wasiende kwao. Walikwenda, na leo mji huo unajulikana kwa sherehe zake za Diwali. Katika mikahawa ya Wagujarati huko Leicester na London utakuta mogo katika orodha ya vyakula. Ni muhogo wetu, uliovuka nao.

Kuanzia mwaka 1986 serikali ya Uganda iliwakaribisha waliofukuzwa, na katika miaka ya 1990 mali nyingi zilirudishwa. Baadhi walirudi, wengi hawakurudi. Zile familia za Tororo zilizokuwa zikifunga duka mapema usiku wa Navaratri hazikurejea kama zilivyokuwa.

Padhola nayo ilikuwa na mahali pake

Pengine msomaji wa Kirewa atasema kwamba haya ni ya wageni. Sivyo. Mwanahistoria Bethwell A. Ogot, katika makala aliyoitoa mwaka 1972 ndani ya kitabu kilichohaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo, alieleza jinsi ibada ya Bura ilivyokua Padhola. Koo zilizokuwa zimekuja kwa nyakati mbalimbali, kila moja na mambo yake, zilipata mahali pamoja pa kukutania. Mwishoni mwa karne ya 19 Majanga alikuwa kiongozi wa ibada hiyo, na uongozi wake ukawa wa kisiasa pia.

Hatudai kwamba Bura na Harsiddhi ni kitu kimoja. Tunachosema ni kwamba mababu wa eneo hili walijua maana ya kutoka nyumbani na kwenda mahali palipo patakatifu kwa sababu ya ukoo, ugonjwa au shukrani. Na wajukuu wao wanaijua. Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwa miguu hadi Namugongo, wengine wakivuka mpaka kutoka Kenya, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887. Mtu aliyewahi kuwapa maji barabarani hana sababu ya kumshangaa Mgujarati anayekwenda Ambaji kwa miguu.

Ushahidi wa msamiati

Sasa turudi kwenye lugha. Tazama baadhi ya maneno ambayo Kiswahili kilipata kutoka lugha za Bara Hindi, au kupitia kwa wasemaji wake: pesa, rupia, laki, bima, hundi, bepari, gunia, gari, randa, dobi, chapati, kachumbari. Ni orodha ya duka, karakana na jikoni. Sasa tafuta maneno ya hekalu. Hekalu lenyewe, sanamu, hija na nadhiri yote yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Kwa karne zote za ujirani, hatukuchukua kutoka kwa Wahindu neno moja la ibada lililoingia katika matumizi ya kawaida.

Sababu zinaweza kuelezwa. Wahindu waliokuja huku kwa jumla hawakutafuta waongofu. Mama wa ukoo ni wa ukoo, hahubiriwi kwa jirani. Lugha ya hekaluni ilikuwa Kigujarati na Kisanskriti; Kiswahili kiliishia kwenye kaunta. Utawala wa kikoloni ulitenga makazi na shule kwa rangi, hata watoto wa mtaa mmoja hawakucheza pamoja. Kwa upande wa Kiswahili, msamiati wa dini ulikuwa umeshajazwa na Uislamu, kisha na wamisionari waliotafsiri Biblia. Mhindu alipokuja kuelezwa, alielezwa kwa maneno yaliyokwisha kubeba hukumu.

Mfano mmoja ni mungu wa kike. Kisarufi hakuna tatizo, lakini katika masikio ya Waswahili wengi maneno hayo yanasikika kama kejeli, kwa kuwa tumeyazoea katika habari za miungu ya uongo. Waumini wenyewe hawasemi hivyo. Humwita Mata, au Ma, yaani Mama. Tukisema Mama Harsiddhi au Mama Amba tunakuwa tumetafsiri kwa usahihi zaidi, na kwa adabu. Mfano wa pili ni hija. Wapo watakaosema neno hilo libaki kwa Makka. Hoja yao ina uzito kwa maana ya kisheria ya Kiislamu. Lakini matumizi yameshapanuka, na tunasema hija ya Namugongo bila kusita. Asiyeridhika anaweza kutumia kuzuru, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa makaburi ya mawalii, na ambalo linafaa sana kwa safari ya kwenda kuonana na Mama.

Hitimisho

Walimu wa lugha hatuwezi kurudisha watu waliofukuzwa mwaka 1972. Tunaweza kurekebisha namna tunavyowataja. Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, katika kusahihisha insha, tofauti ya Mhindi na Mhindu isimamiwe kama tunavyosimamia upatanisho wa kisarufi. Pili, mwalimu anayefundisha methali ya Baniani aeleze pia Baniani ni nani, na awaulize wanafunzi neno mbaya limetoka kwa nani. Tatu, katika tafsiri za matini za dini, tuanze kwa kuuliza waumini wenyewe wanaitaje ibada yao, kabla ya kuchukua neno lililo karibu. Nne, wanafunzi wa mpakani wahimizwe kukusanya kumbukumbu za wazee wa Tororo, Busia na Kirewa kuhusu majirani wa Kihindu: sikukuu walizoziona, vyakula walivyopewa, maneno waliyosikia. Wazee hao hawatakuwapo daima.

Kuhusu kile kiatu, kila Mhindu anayekwenda kwa Mama hukivua na kukiacha mlangoni. Kiswahili kimekitazama kwa muda mrefu na kukipatia methali. Mwenye kiatu yumo ndani, na sisi bado hatujauliza anafanya nini.